Karatasi za Bibi Harusi wa Mtoni

"Usiitumbukize kwa pupa, mwanangu! Shika ncha mbili, ilaze taratibu kama unavyomlaza mtoto mchanga. Hivyo hivyo. Haya, nyanyua!"

Mtoto akanyanyua. Maji yakachuruzika, na juu ya karatasi nyeupe ikabaki michirizi ya buluu na nyeusi, duara ndani ya duara.

"Mama! Tazama! Nimefanya mawingu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Shemsa naye akacheka, mikono yake imejaa wino mpaka viwikoni.

Kila Jumamosi asubuhi ukumbi wa chini wa nyumba ya mama mkwe wake, Bi Hind, pale Kiponda, ulikuwa wa familia. Wazazi walikuja na watoto wao kujifunza sanaa ya Kijapani ya kuchora juu ya maji. Unatia maji kwenye trei. Unagusisha brashi yenye wino, duara linafunguka. Unagusisha brashi nyengine yenye tone la sabuni, duara linasukumwa. Unapuliza kidogo, unalaza karatasi, na maji yanakukabidhi mchoro ambao hautatokea tena duniani. Wajapani wenyewe huiita suminagashi. Watoto wa mtaani waliiita uchawi wa Bi Shemsa.

Alifundishwa na Bi Michiko, mpangaji wa chumba cha juu aliyekuja Unguja kusoma Kiswahili. Alipoondoka alimwachia brashi zake zote. Shemsa akamfundisha Bi Hind, akamfundisha wifi yake Arwa, na kazi ikawa ya nyumba nzima. Mumewe, Tamim, hakuwa na mkono wa kuchora. Yeye alikuwa mtu wa mapokezi kwenye hoteli moja Kiwengwa, akirudi mjini mwisho wa wiki.

Siku hiyo, kwenye trei ya pembeni, alikaa msichana mmoja mwenye mtandio wa zambarau na wadogo zake wawili. Alikuwa akitabasamu peke yake tangu alipoingia.

"Dada, nikwambie siri?"

"Niambie."

"Kadi zangu za harusi zimetengenezwa kwa karatasi hizi hizi."

Shemsa aliinua uso. "Za buluu na nyeusi, zenye mstari wa dhahabu?"

"Hizo hizo!"

"Wee! Wewe ndiye bibi harusi wa Mtoni?"

"Ndiye mimi. Naitwa Nusrat."

Shemsa alijifuta mikono kwenye kanga, akamkumbatia. "Mashaallah! Karibu, mdogo wangu. Unajua karatasi zako zimekula wiki nzima? Nyumba yote tuliinamia trei. Ile dhahabu ilitutesa, ilikuwa inazama. Nikasema hapana, huyu bibi harusi lazima apate dhahabu yake."

"Mimi kila siku nikimwambia wifi yangu mtarajiwa, nipeleke kwa fundi wa karatasi, ananiambia kesho. Juzi nikaona picha zako Instagram. Nikasema Unguja hii hawawezi kuwa wawili. Nimekuja mwenyewe, nataka nifanye moja kwa mkono wangu, nimpe bwana harusi siku ya siku. Hajui kama niko hapa."

"Wifi yako labda alitaka kukufanyia sapraizi. Na huyo bwana, anakupenda?"

Nusrat akaona haya, akachezea brashi. "Anasema ananipenda. Yuko Kiwengwa, hotelini."

"Na wangu yuko Kiwengwa! Huenda wanajuana. Anaitwa nani?"

Kabla Nusrat hajajibu, ngazi zikalia. Bi Hind alikuwa akishuka na sinia la juisi ya ukwaju, akisema kwa sauti yake ya kila Jumamosi, "Nani ana kiu? Nani ana kiu?"

Nusrat akageuka. Uso wote ukang'aa.

"Mama!"

Akatoka mbio, akainama, akaubusu mkono wa Bi Hind ulioshika sinia. "Shikamoo Mama! Kumbe na wewe unakuja hapa?"

Bi Hind aliliweka sinia juu ya meza, taratibu sana, akaanza kuzipanga gilasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Mnajuana?" Shemsa aliuliza, bado anatabasamu.

"Namjua?" Nusrat akacheka. "Dada, huyu ndiye mama mkwe wangu. Alikuja kwetu Mtoni na posa."

Bi Hind alizaa watoto wawili tu. Arwa ni msichana.

Shemsa hakupiga kelele. Aliwatazama wazazi waliokuwa ukumbini, akawaambia kwa upole, "Jamani, leo tumalizie hapa. Karatasi zikauke, wiki ijayo mtazichukua. Samahanini." Mama mmoja aliyeanza kuelewa akawakusanya watoto, yule mwenye mawingu akilia kwa kuiacha karatasi yake. Mlango ukafungwa. Wakabaki wao, na wadogo zake Nusrat ambao walipelekwa uani wakanywe juisi.

"Mbona sielewi?" Nusrat alisema. "Dada, wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa Tamim."

"Tamim yupi?"

"Tamim Hamoud. Mtoto wa huyu unayemwita mama."

Nusrat alimtazama Bi Hind, akamtazama Shemsa, akarudi tena kwa Bi Hind. "Lakini aliniambia ameachana na mkewe! Aliniambia mke wake wa zamani anaishi na mama yake kwa sababu hana pa kwenda. Mama, sema basi!"

"Mwanangu..." Bi Hind alianza. Haikujulikana anamwita nani.

"Mpigie," Shemsa akasema. "Mpigie sasa hivi, weka spika. Usimwambie uko wapi."

Nusrat akaitoa simu kwa mikono yenye wino, akapiga. Simu ikaita mara mbili tu.

"Habibty! Nilikuwa nakufikiria sasa hivi."

"Tamim, nataka nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza roho yangu."

"Yule mkeo wa kwanza. Kweli umemwacha?"

Wakamsikia akivuta pumzi, ile ya mtu aliyechoshwa na swali moja. Shemsa aliijua pumzi ile.

"Nusrat, mara ngapi ntakwambia? Yule nshamalizana naye. Yuko pale kwa hisani ya Mama tu. Mama ana huruma, hawezi kumtoa mtu nje. Wewe shughulika na harusi yako, wacha maneno ya watu."

"Kwa hisani," Shemsa alisema.

Akaisogelea simu.

"Tamim, ni mimi. Mtu wa hisani."

"Shemsa?" Sauti ilikauka. "Sikiliza... kuna wageni hapa mbele yangu. Ntakupigia."

Simu ikakatwa.

Nusrat alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa mtandio. Hakulia muda mrefu. Aliponyanyuka alimwendea Bi Hind, na safari hii hakuinama.

"Ulikaa kwenye mkeka wa mama yangu. Ukala wali wetu. Baba yangu akakuuliza mbele ya watu, 'Mwanao ana mke?' Unakumbuka ulimjibu nini? Ulisema, 'Alikuwa naye.' Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nyuma ya pazia, na nikamhurumia huyo aliyekuwa."

Akawaita wadogo zake. Mlangoni akageuka. "Dada Shemsa, wallahi sikujua."

"Nnajua hukujua. Nenda kwenu. Mwambie baba yako leo leo, usisubiri kesho."

*

Arwa aliingia na barafu aliyotumwa. Alipowaona mama yake na wifi yake wamesimama, trei zimeachwa, na mtandio wa mtoto umesahauliwa juu ya kiti, hakuuliza kuna nini. Hapo Shemsa akapata jibu moja kabla hajauliza.

"Na wewe ulijua."

"Wifi, mimi..."

"Ulijua, Arwa? Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Tokea lini?"

"Tokea kabla ya Ramadhani."

Shemsa akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia mama mkwe. "Siku ya posa, Mama. Uliniambia unakwenda hitimani kwa jamaa yako Bububu. Mimi ndiye niliyekupigia pasi buibui. Nikakufukiza udi. Nikakwambia umependeza, utadhani unakwenda harusini. Ukacheka."

"Shemsa, kaa chini kwanza."

"Sikai. Nataka nijue kitu kimoja tu. Mwanao kuoa mke wa pili, sheria imempa. Ningelia, ningekasirika, lakini ningejua ni jambo la wanaadamu. Ila karatasi! Kwa nini mlinipa mimi nizitengeneze karatasi?"

Bi Hind alishika kiti. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyezoea kutazamwa kwa heshima, na siku ile alitazama chini.

"Yule mtoto aliziona kwenye simu ya Arwa. Akasema hataki kadi nyengine yoyote. Nikamwambia Tamim haiwezekani. Akaniambia, 'Mama, mwambie Shemsa ni oda ya watu, atajuaje?' Nikakataa. Akarudi tena. Nikakataa. Mara ya tatu nikachoka."

"Ukachoka."

"Nikajiambia ntakwambia kabla hujaanza. Nikakukuta umeshatia maji, unaimba. Nikasema kesho. Kesho nikakukuta unapigana na ile dhahabu."

"Mama, kila tulipomaliza rundo moja nilikuwa naomba dua. Nilisema, 'Ya Rabbi, wape mapenzi wenye kadi hizi, uwape na watoto.' Mnakumbuka mlisema nini?"

Arwa alianza kulia.

"Mlisema amin! Wewe kulia kwangu, wewe kushoto kwangu, mikono yetu mitatu kwenye maji mamoja. Mliitikia amin kama watu wa msikitini. Nikasema moyoni, Mungu kaninyima watoto lakini kanipa mama na ndugu."

"Ni hao watoto," Bi Hind alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mtu mzima, Shemsa. Nilitaka kumwona mtoto wa Tamim kabla sijafa. Sikuwa na chuki na wewe hata chembe."

"Mimba zangu mbili zilipoharibika ni nani aliyeniosha?"

"Mimi."

"Ni nani aliyeniambia, 'Usilie, wewe ndiye mtoto wangu, unatosha'?"

Bi Hind alifunika mdomo kwa mtandio.

"Basi ungeniambia hutoshi. Ningekuelewa. Ningemshika mkono mwanao nikampeleka Mtoni mwenyewe, au ningekwenda zangu kwa baba. Lakini ningechagua mimi."

*

Tamim alifika alasiri, bado amevaa sare ya kazi yenye jina kifuani. Alipanda ngazi mbili mbili. Shemsa alikuwa chumbani akikunja nguo zake.

"Shemsa, wacha kwanza. Wacha hizo nguo, tuzungumze."

"Zungumza, nakusikia."

"Nimekosa. Sikatai. Lakini mimi sikuzini. Nilitaka kuoa kwa halali, mbele ya watu."

"Mbele ya watu wote isipokuwa mimi."

"Ningekwambia."

"Lini?"

"Baada ya nikaha. Nilijua ukiona limeshakuwa, utapoa. Wewe una moyo mkubwa."

Shemsa aliiweka chini kanga aliyoishika. "Tamim, umenisikia vibaya miaka yote hii. Mimi sina moyo mkubwa. Nilikuwa nakupenda, basi. Ulipochelewa nilikuwa nakuonea huruma ya njia, sikujua unapitia Mtoni. Ulipokuwa unasema umechoka nilikukanda miguu."

Tamim alipiga magoti kando ya kitanda. Akamshika mkono, ule wenye wino ambao ulikuwa haujatoka.

"Nisikilize. Njiani nikija nimefikiri. Nimempigia simu baba yake Nusrat, nikamwambia harusi sitaki tena. Nimeivunja mwenyewe, Shemsa. Kwa ajili yako. Watu watanitukana mpaka nife, lakini nimekuchagua wewe."

Kwa mara ya kwanza tokea asubuhi machozi yalimlenga Shemsa. Alimtazama yule mwanamme, utosi wake, jasho la safari shingoni. Akataka sana iwe kweli. Miaka minane si mchezo, na magoti ya mtu unayempenda yana nguvu.

"Umempigia wewe?"

"Wallahi."

"Akasema nini?"

"Akakasirika. Akanitukana. Nikavumilia."

Shemsa akaufungua mkono wake polepole kutoka mkononi mwake. Akachukua simu juu ya kabati, akamsomea.

"'Dada Shemsa, assalamu alaykum. Nimemwambia baba kila kitu. Kampigia Tamim hapo hapo, kamwambia posa imerudi na asikanyage tena Mtoni. Tamim alilia, akasema anaapa ataniacha nichague nyumba popote, na wewe atakuacha kesho kwa kadhi. Baba akamkatia simu. Nakwambia ili usidanganywe kama mimi. Nusrat.'"

Tamim hakunyanyuka. Alibaki amepiga magoti, ila sasa ilikuwa kama mtu aliyesahau namna ya kusimama.

"Umeapa wallahi," Shemsa alisema. "Sasa hivi, hapa, umenishika mkono."

"Nilichanganyikiwa, Shemsa."

"Mtoni ukamwambia utaniacha. Hapa unaniambia umemwacha. Nikitoka mimi sijui utampigia nani."

Alifunga begi. Brashi za Bi Michiko alizitia kwenye mkoba wa begani, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Alipokuwa akishuka, Bi Hind alisimama chini ya ngazi.

"Usiondoke hivi, mwanangu. Subiri hata kupambazuke, tukae kikao."

"Kikao mlishakaa, Mama. Sikualikwa."

*

Baba yake Shemsa, Mzee Borafya, alikuwa fundi wa baiskeli pale Mkokotoni, karibu na sokoni. Alimwona bintiye akishuka kwenye daladala na begi, akaweka spana chini. Hakuuliza kitu mpaka bintiye alipokwisha kula.

"Amekupiga?"

"Hapana, baba."

"Amekufukuza?"

"Hapana."

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akijifuta grisi vidoleni kwa tambara, akifuta pale pale palipokwisha safika.

"Mimi nilikuoza, sikukutupa," akasema mwisho. "Chumba chako kipo."

Ujumbe ulianza siku ya pili yake.

"Mke wangu, pokea simu. Ni shetani tu."

"Shemsa, nyumba imekuwa kaburi. Mama hali chakula."

"Nipe nafasi moja. Moja tu. Ntahama Kiwengwa, ntarudi mjini, ntafanya utakalo."

Shemsa alizisoma zote. Nyengine alizisoma mara mbili, na tusidanganyane: kuna siku aliandika "njoo", akaifuta. Alikuwa akiamka asubuhi anasikia kama Tamim anakohoa chumba cha pili. Lakini kila akitaka kupoa alisikia sauti za wanawake wawili wakisema amin, na hapo akawa mgumu tena.

Alijibu mara moja tu. "Nataka khului. Mahari yako nakurudishia, uniache, kusiwe na rejea baina yetu."

Tamim akajibu, "Sikuachi ng'o."

Wiki zikapita. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa gari likasimama nje. Akashuka Tamim na kanzu yake nyeupe, akashuka na Bi Hind. Mama alikuwa amekonda, na alikuwa ameshika mkono wa mwanawe ili asianguke kwenye kokoto.

Mzee Borafya aliwatandikia mkeka barazani. Majirani wawili waliokuwa wakisubiri baiskeli zao wakataka kuondoka, akawaambia kaeni.

Tamim alikuja amejiandaa. Alizungumza vizuri, kama alivyozungumza siku zote.

"Baba, mimi nimekosa, na mkosaji huja kuomba radhi. Lakini Shemsa ni mke wangu. Sikumwacha, sijawahi kumwacha, wala sikusudii."

"Mtoni ulikuwa umemwacha," Mzee Borafya alisema.

"Baba, yale yalikuwa maneno tu."

"Mtoni umemwacha, Mkokotoni hukumwacha. Kumbe talaka yako wewe inakwenda na barabara?"

Jirani mmoja akakohoa kuficha kicheko. Tamim alisawijika. Akamgeukia mama yake. "Mama, sema basi. Tulivyozungumza njiani."

Shemsa alikuwa amekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alijua yatakayokuja. Bi Hind ataomba, Bi Hind atalia, na yeye ataiona ile mikono iliyomwosha na atashindwa. Alikuwa akiiogopa siku hii kuliko yote.

"Tamim," Bi Hind aliita.

"Naam, Mama."

"Mpe haki yake."

"Haki gani?"

"Anayoitaka. Mwache."

"Mama! Njiani hatukukubaliana hivi!"

"Njiani nilinyamaza. Nilinyamaza Mtoni pia, nilinyamaza kwenye trei. Mimi ndiye niliyekwenda kumposa mtoto huyu hapa hapa, kwenye mkeka huu. Nilimwambia baba yake atakuwa mwanangu. Kisha nikasema kwa watu 'alikuwa naye', na yeye yuko nyumbani kwangu ananipigia pasi. Mungu ataniuliza. Usinizidishie."

"Kwa hiyo unanitaka nivunje nyumba yangu?"

"Nyumba tuliivunja sote watatu. Huyu peke yake ndiye hakutia mkono."

Tamim alimtazama Shemsa. "Kweli unataka?"

Shemsa alivua bangili zake za mahari, moja baada ya moja, akaziweka mkekani. Zilikuwa zimeacha alama nyeupe mkononi.

"Nataka."

"Hunipendi tena?"

"Hilo usiniulize mbele ya baba yangu. Nakupenda au sikupendi, sikuamini. Ukiniambia jua limetoka ntakwenda dirishani kutazama. Siwezi kuishi hivyo, Tamim."

Tamim akazitazama bangili. Mwisho akaziokota.

"Nimekubali," alisema, akizungumza na mkeka. "Nimekuacha kwa mahari yako. Shuhudieni."

Majirani wakasema tumeshuhudia. Bi Hind alinyanyuka kwa shida, akamwendea Shemsa pale mlangoni. Hakumgusa.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama."

"Utarudi kufanya kazi yako pale ukumbini? Ukumbi ni wangu, si wa Tamim. Trei zipo, sijazigusa."

"Hapana. Sirudi."

Gari liliondoka. Shemsa aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia mpaka sauti ikakauka. Mzee Borafya alikaa nje, akitengeneza baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

*

Eda ilipokwisha, Shemsa alirudi mjini. Alipanga chumba cha chini Malindi, kidogo lakini chenye dirisha zuri. Alinunua trei mpya. Akaandika kwenye ukurasa wake, "Warsha ya familia imerudi. Jumamosi, wazazi na watoto, karibuni."

Jumamosi ya kwanza walikuja wachache. Ya pili wakajaa. Nusrat alileta watoto wa skuli ya chekechea anayofundisha kule Mtoni. Yeye na Shemsa hawakuzungumza sana, wala hawakuwa marafiki. Kila mmoja alikuwa ni ukumbusho kwa mwenzake. Lakini waliamkiana vizuri, na hilo lilitosha.

Ya tatu, katikati ya somo, mtu alipiga hodi kwa sauti ndogo.

Bi Hind alisimama mlangoni na buibui lake jeusi, halikupigwa pasi. Alikuwa peke yake.

Watoto waligeuka. Shemsa alisimama na brashi mkononi. Kwa miaka minane alimwita mwanamke huyu kwa jina moja tu.

"Shikamoo, Bi Hind."

Mama mmoja aliyekuwa karibu alidhani bibi hasikii vizuri.

"Marahaba," Bi Hind alijibu.

"Karibu. Umekuja kwa warsha?"

"Umeandika ya familia. Mimi nimekuja mwenyewe tu. Kuna nafasi?"

Shemsa alivuta kiti kwenye trei ya pembeni, akamkaribisha. Akamwekea brashi mbili. Akasimama mbele yake kama anavyosimama mbele ya mgeni yeyote, akaanza mwanzo kabisa.

"Hii ina wino. Hii ina sabuni. Unagusisha ncha tu, usizamishe. Duara likifunguka unasubiri, kisha unagusisha hii ya pili katikati."

Bi Hind alisikiliza yote. Hakusema kuwa anajua, na alijua. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wa Arwa. Aliitikia kwa kichwa kila sentensi, machozi yakimshuka pembeni mwa pua, naye hakuyafuta.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bi Shemsa." Akainua uso. "Pale kwa baba yako ulisema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Sikukudanganya."

"Basi mbona huniiti Mama?"

Watoto walikuwa wakipiga kelele trei ya mbele, mmoja kamwaga maji. Shemsa aliwatazama, akarudi kwake. Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ingekuwa rahisi zaidi.

"Kusamehe nimeweza, Bi Hind. Hilo jengine nimejaribu, mdomo umekataa."

Bi Hind akainamisha kichwa. "Haya," akasema. "Haya, mwanangu... haya, Shemsa."

Akachukua brashi. Shemsa akamsogezea karatasi, kisha akaenda mbele kufuta maji ya watoto.